Mume wangu ni mtunza hazina, wenzangu wameniletea karatasi ya kuomba mtaa wetu

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 43, Mmakonde wa hapa hapa uwandani, mkoa wa Mtwara. Mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa huku na kazi ya serikali, tukaoana, tukajenga, na sasa hana mpango wa kuondoka. Tunasali usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Mimi ni katibu wa Umoja wa Wanawake, yeye ni mtunza hazina.

Walutheri huku ni wachache. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na Wakristo wengi ni Wakatoliki na Waanglikana. Usharika mzima una kaya 84. Mtu angedhani wachache hivi wangeshikamana, kumbe ndiyo kwanza tunagawanyika. Jumuiya mbili za mjini, kaya 36, ni watumishi na wafanyabiashara: Wachaga, Wapare, Wahehe, Wakinga, Wahaya wawili watatu. Jumuiya tatu za vijijini, kaya 48, ni wakulima wa korosho, Wamakonde na Wamakua, na Wayao kidogo. Ibadani tunakaa pamoja. Ikishatolewa baraka, kila kundi linashika mlango wake.

Sikukuu ya Mavuno iliyopita tulipika chakula cha watu 150. Waliolala jikoni walikuwa kina mama tisa, wote wa vijijini. Maji tulinunua kwa madumu, unajua shida ya maji ya uwanda huu. Saa tano asubuhi akaja mama mmoja wa mjini, akatoa 50,000 mbele ya sufuria, akasema, "Sisi tumetoa bahasha, nyie toeni mikono." Labda alitania. Hakuna aliyecheka.

Baada ya ibada kuna mnada. Mkulima analeta debe la mbaazi au kuku, mfanyabiashara ananunua kuku mmoja kwa 60,000, anapigiwa makofi na vigelegele. Wenzangu wa vijijini siku hizi hutoka kabla ya mnada kuanza. Wanasema hawawezi kukaa kutazama wenye nazo wakishindana.

Lakini kilichovunja kabisa ni msiba. Tuna mfuko wa kufa na kuzikana, kila kaya shilingi 2,000 kwa mwezi. Anayefiwa hupewa 300,000. Kanuni inasema asiyelipa miezi mitatu mfululizo amepoteza haki. Mwezi Agosti alifariki bibi mmoja wa jumuiya ya kijijini kwetu, mtu aliyefagia kanisa lile tangu likiwa la miti. Alikuwa amelipa hadi Aprili. Mume wangu akasoma kanuni, mfuko haukutoa kitu, jeneza tukachangishana wenyewe. Mwezi uliofuata mtumishi mmoja wa mjini akafiwa na mama yake huko Moshi. Alipewa 300,000 yake, na juu yake 200,000 ya nauli za wawakilishi wawili. Kanuni ilifuatwa mara zote mbili, hilo siwezi kukataa. Ila wenzangu hawakuona kanuni, waliona kabila.

Sasa jumuiya tatu za vijijini zimeandika karatasi ya kuomba kuwa mtaa, yaani tawi la usharika lenye ibada yake. Jumuiya hizo ziko kilomita tisa kutoka kanisani, na saini kwenye karatasi ni 37. Wanataka niitie sahihi kabla haijapelekwa kwenye kikao cha baraza la wazee, ambacho kitakaa kabla ya Jumatano ya Majivu. Wanasema bila jina langu itaonekana ni ya wasiosoma. Wakati huo huo mchungaji ameniomba niwe mwenyekiti wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji. Wa kijijini wananiambia nikikubali nimenunuliwa. Wa mjini wanafurahi, wanasema mke wa mtunza hazina atatuliza mambo. Nyumbani nikigusa tu habari ya bibi yule, mume wangu ananijibu kwa neno moja, "Katiba," anawasha redio.

Nisaini au nisisaini? Na kile kiti nikichukue?

Niliye Katikati, Uwanda wa Makonde

*

Asifiwe sana, dada yangu Uliye Katikati.

Umeniuliza maswali mawili, nami nimeyaona manne. Kuna karatasi, kuna kiti cha diakonia, kuna redio inayowashwa nyumbani kwako, na chini ya yote yumo bibi aliyezikwa kwa mchango wa dharura. Ruhusu nianze na bibi, maana naona hayo mengine yote yamesimama juu ya kaburi lake.

Umesema wenzako waliona kabila. Sitakubishia, mwenye kidonda ndiye ajuaye kinavyouma. Ila hebu tuangalie tarehe. Alilipa hadi Aprili, akafariki Agosti. Kwa mkulima wa korosho Agosti ni mwezi gani? Mikorosho iko kwenye maua, gharama za kupulizia salfa zimeshalipwa, na hela ya msimu uliopita imekwisha zamani. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na hela huingia akaunti ya mkulima baada ya mnada, si siku anayopeleka gunia chama cha msingi cha ushirika. Mtumishi wa mjini analipwa kila mwisho wa mwezi. Kanuni ya "miezi mitatu mfululizo" iliandikwa na mtu mwenye mshahara, kwa ajili ya watu wenye mshahara, na sidhani aliyeiandika alikuwa na nia mbaya. Hakuwaza tu kwamba kuna mtu anayelipwa mara moja kwa mwaka. Hata kama usharika wenu wote ungekuwa wa Wamakonde watupu, nusu walimu na nusu wakulima, kanuni hiyo hiyo ingewanyima wakulima kila Agosti.

Silisemi hili kuwaosha wa mjini. Nalisema kwa sababu kabila huwezi kulirekebisha kikaoni, kanuni unaweza.

Shilingi 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Tuseme kaya inaruhusiwa kuchagua: kulipa kila mwezi, au kulipa 24,000 kwa mara moja kati ya Novemba na Januari na kuhesabiwa hai hadi msimu unaofuata. Kaya 48 za vijijini zikilipa hivyo, zinaweka 1,152,000 kwa mkupuo. Kaya 36 za mjini zikilipa kila mwezi, Januari hadi Septemba zinaongeza 648,000. Jumla 1,800,000, yaani misiba sita ya 300,000 kabla ya msimu mpya. Mkipata wa saba Septemba mtaumia, kwa hiyo lazima iandikwe mapema nini kitafanyika. Na ile 200,000 ya nauli nayo iangaliwe. Iko kwenye kanuni, au iliongezwa siku ile kwa huruma? Kama ni huruma, mbona ya Agosti haikuja? Ukiuliza swali hilo, uliza kwa upole, na usiwe wewe peke yako unayeuliza.

Mpango huu una hatari zake. Hela nyingi zikikaa Januari hadi Septemba, mtu ataona bati za kanisa zinavuja na kusema "tukope kidogo kwenye mfuko, tutarudisha". Hazirudi. Mfuko uwe na akaunti yake, si kurasa tu ndani ya daftari la hazina. Pili, msimu unaweza kuharibika. Wote mnakumbuka Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba. Wapo waliosubiri malipo muda mrefu sana. Mwaka wa namna hiyo baraza liwe na mamlaka ya kusogeza tarehe ya mwisho, na yaandikwe, isiwe hisani ya mtu. Tatu, mtu atasema kwa nia njema, "basi wakulima walete korosho badala ya hela." Hapo msimame. Korosho ghafi inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi; usharika ukianza kupokea kilo na kuziuza pembeni, mbele ya sheria hautofautiani na mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa magendo nje ya mfumo. Mkulima auze kwanza, alete fedha. Kuku na muhogo havina tatizo hilo.

Na nani ashike akaunti? Hapa Walutheri tuna kisa chetu cha zamani. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Ujerumani, uliweka sanduku moja la fedha kwa ajili ya watumishi wa kanisa, maskini, wajane na wagonjwa, na Martin Luther akaandika dibaji ya utaratibu wake. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili wa ukoo wa kikabaila, wawili wa baraza la mji, watatu raia wa mjini, watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, kila kundi ufunguo wake, kwa hiyo halikufunguka mpaka wote wafike. Wakabaila na wakulima wa Ujerumani ya wakati ule hawakupendana, miaka miwili tu baadaye walikuwa wakiuana vitani. Hawakungoja kupendana ndipo wagawane funguo. Kwenu funguo ni watia saini watatu wa benki, na sioni kwa nini mmoja asitoke kijijini. Hata mumeo ingemfaa: siku kanuni ikiuma, asibaki peke yake mbele ya wafiwa.

Nije kwenye mnada. Umesema wenzako wanaondoka kwa sababu hawawezi kushindana. Inawezekana. Ila kuna jambo moja la kutazama katika namna daftari linavyoandikwa, wala halihitaji kuona majina. Mkulima analeta debe la mbaazi. Mfanyabiashara analinunua kwa 60,000. Anayepigiwa makofi ni nani? Mnunuzi. Anayeandikwa ni nani? Katika sharika nyingi inaandikwa "mnada" na jumla yake, basi. Aliyelima, akavuna, akapura na kubeba debe kichwani hayumo popote. Mwisho wa mwaka taarifa ikisomwa, kijiji kinaonekana hakitoi. Kabla ya kuamini kwamba wa mjini ndio wanaobeba usharika, omba mzee mmoja wa kanisa aombe kikaoni ukurasa mmoja tu: mapato ya kila mwezi kwa kila jumuiya, bila majina, na sadaka ya mazao ihesabiwe kwa jumuiya iliyoleta. Huenda mkashangaa. Huenda msishangae, na pengo likaonekana ni kubwa kweli. Hilo nalo ni heri lijulikane.

Kuufuta mnada nisingekimbilia. Unaleta fedha, na kwa wengi ndiyo furaha ya Jumapili. Wapo wanaomtaja kwanza mleta mazao ndipo bei, wapo wanaonunua kwa jumuiya badala ya mtu mmoja mmoja. Mapato yatashuka kidogo mwanzoni, na mwenye kamati ya ujenzi atalalamika. Kusoma majina na kiasi cha ahadi madhabahuni ni habari nyingine, na hapo maoni yangu nayatoa wazi: sipendi. Kubandika namba za bahasha badala ya majina ni nusu dawa tu, maana kwenye kaya 84 kila mtu anajua namba ya jirani yake.

Sasa jikoni. "Sisi tumetoa bahasha, nyie toeni mikono" ni neno baya, hata kama lilikuwa utani. Ila jiulize, zamu zilipangwaje? Kama ni kwa jumuiya, basi mpango wenyewe unawatenga, kwa kuwa jumuiya zenu zimefuata makazi. Jumuiya ya mjini ikipewa "ununuzi" na ya kijijini "kupika", mmeandika kwa mkono wenu kwamba hawa ni wa hela na wale ni wa moshi. Na saa je? Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na mwenye duka wa Jumamosi hawawezi kufika saa mbili asubuhi hata wakitaka.

Chakula cha watu 150 ni kama kilo 25 za mchele na kilo 12 za mbaazi kavu. Mbaazi ziloweke tangu jioni, la sivyo kuni zinaisha hazijaiva. Maji, kupika na kuosha pamoja, msipange chini ya madumu 15 ya lita 20, na hapo sijahesabu ya kunawa. Vunja kazi hiyo vipande: kuchambua na kuloweka Ijumaa au Jumamosi jioni, kusomba maji na kuni, kuwasha moto alfajiri, kupika, kupakua, kuosha. Kila kipande kipewe watu wanne, wawili wa mjini na wawili wa kijijini, kwenye sufuria ile ile. Muuguzi atapata jioni, mwenye duka atapata kuosha baada ya ibada. Wanaume nao wapangwe. Maji na kuni si kazi za kina mama kwa amri ya Maandiko. Anayetaka kutoa hela atoe, lakini hela isimtoe kwenye zamu. Akishindwa, atafute wa kubadilishana naye na jina liandikwe.

Nikuonye hapo hapo: kipande kinachovunja kamati ni kuosha. Kila mtu yupo wakati wa kupakua. Saa tisa alasiri, zimebaki sufuria tatu zenye ukoko, wanabaki wale wale kina mama tisa. Kwa hiyo kuosha kupangwe kwanza, kabla ya kupika, na wapewe majina yanayoonekana, mzee wa kanisa akiwemo. Mara ya kwanza mambo yatakwenda vibaya. Wa mjini hawajui kuchochea kuni, wa kijijini watawanyang'anya mwiko. Waachwe waunguze sufuria moja.

Sasa karatasi. Kilomita tisa ni mbali, dada yangu. Kama bodaboda ni 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, mzee anatumia 6,000 ili aje kutoa sadaka ya 1,000. Mtaa katika KKKT si uasi. Sharika nyingi zilizopo leo zilianza kama mitaa, na mtaa unabaki ndani ya usharika, chini ya mchungaji yule yule na baraza lile lile. Kwa hiyo sishangai wala sishtuki kusikia wanaomba. Ninachouliza ni kati ya saini 37, ngapi ni za miguu iliyochoka na ngapi ni za moyo uliokasirika? Bibi angekuwa hai, karatasi ingekuwapo?

Kama ni miguu, mtaa unajibu swali. Itabidi mjue gharama. Mwinjilisti anahitaji posho ya kila mwezi, Agosti ikiwemo. Banda la mita 5 kwa 10 linakula bati zisizopungua 28 za mita tatu, bado mbao, misumari na kofia ya paa. Meza ya Bwana mtaipata mchungaji anapofika tu, kwa kuwa mwinjilisti haongozi Meza ya Bwana, na mchungaji mmoja mwenye mitaa kadhaa hafiki kila Jumapili. Watoto wa Kipaimara nao watafundishwa na nani? Maombi yenyewe huanzia baraza la wazee ndipo yapande jimboni na dayosisini. Mwulize mchungaji katiba ya dayosisi yenu inataka nini, msije mkakataliwa kwa sababu ya utaratibu mkadhani ni chuki.

Kama ni moyo, mtaa haujibu. Mtaa mtakaopewa utakuwa chini ya baraza lile lile, na mfuko wa kufa na kuzikana utabaki na kanuni ile ile. Agosti itakuja tena, mtaani kwenu. Tena siku hiyo hamtakuwa jikoni pamoja na wa mjini, wala hamtakuwa na mtu wa kumwuliza uso kwa uso.

Kuna dhana nyingine nyuma ya barua yako, kwamba kusali mahali pawili ni kuvunja umoja. Sina hakika. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 7, linasema kwa umoja wa kweli wa Kanisa inatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na katika kutoa sakramenti. Si lazima desturi za wanadamu zifanane kila mahali. KKKT yenyewe ilipatikana 1963 kwa makanisa saba kuungana, kila moja na desturi zake. Kwa hiyo mnaweza kusali mahali pawili mkabaki wamoja, na mnaweza kubanana benchi moja mkawa mbalimbali. Nyie mmeshaonja hilo la pili.

Ukisaini, wenzako watajua uko nao, na maombi yatasomwa kwa uzito. Ila ukikaa kwenye kiti cha diakonia kesho yake, wa mjini watasema umekuja na upande wako, na mumeo atasikia saini yako imekanusha kitabu chake. Usiposaini, utaitwa mke wa hazina, na huenda wenzako wasikuamini tena hata ukileta jambo jema. Kuna njia ya kati: kuwaambia utasaini ukurasa mwingine wenye mambo mawili yaliyotenganishwa, umbali peke yake na kanuni ya mfuko peke yake. Njia hiyo nayo ina mtego. Wanaweza kuona unawachelewesha, na kikao kiko karibu. Ukiichagua, uende na maneno yameshaandikwa, usiende na wazo.

Kuhusu kiti, soma tena Matendo 6, usome taratibu. Wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, pakatokea manung'uniko. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakusema "katiba". Waliomba wachaguliwe watu saba, na ukiyatazama majina yote saba ni ya Kiyunani, yaani ya upande ule ulionung'unika. Wanaokuambia umenunuliwa wanaogopa utakuwa mmoja kati ya wengi. Ukikubali, unaweza kumwomba mchungaji sharti moja kabla ya kujibu: kamati iwe na wajumbe wa vijijini wa kutosha na fungu lake la dharura, japo dogo, ambalo halipiti kwenye kanuni ya miezi mitatu. Akikataa, umejua kiti hicho ni cha kutuliza watu. Akikubali, jiandae kwa kazi nyingi na shukrani haba. Ukikataa kiti, nani mwingine anayeingia nyumba za pande zote mbili? Yupo? Kama yupo, mtaje. Si lazima kila daraja liwe mgongo wako.

Na mumeo. "Katiba" na redio, mimi nasikia mtu aliyeumia. Alisoma kanuni mbele ya wafiwa, na pengine tangu siku ile hajapata wa kumwambia lilivyomkaa. Ukileta habari ya bibi anasikia mashtaka. Usimwombe akuonyeshe daftari. Majina ya watoaji ni amana aliyopewa, na ukiyajua utalaumiwa hata kwa usilolisema. Mwombe kitu kingine. Mpe kalamu, mwambie, "Baba nanii, ungeiandikaje upya kanuni hii mkulima wa Agosti asidondoke?" Yeye ndiye anayejua hesabu kuliko wote. Anaweza kukataa, basi usimfuate nayo chumbani. Anaweza pia kukupa sentensi tatu ambazo kikao kizima kingekesha kuzitafuta. Ila ya kwake yapite kwa mzee wa kanisa mwingine, yasipite kwako.

Kikao kiko karibu, na wakulima wengi wameshalipwa msimu huu. Kama kanuni mpya itapita, zile 24,000 ni rahisi kupatikana sasa kuliko baada ya Pasaka. Ajenda huwa inafungwa siku chache kabla, kwa hiyo ukurasa wa mapato kwa jumuiya uombwe wiki hii, kwa maandishi, kwa katibu wa baraza, na nakala abaki nayo aliyeomba.